Kabla ya Kumwekea Mikono: Mwongozo kwa Usharika Unaotuma Mmisionari

Mwongozo huu ni wako wewe mchungaji, mzee wa kanisa, mtunza hazina au mwenyekiti wa kamati ya uinjilisti na misioni, ambaye muumini amekufuata baada ya ibada akakwambia anaona Mungu anamwita aende. Huenda ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, huenda ni muuguzi, huenda ni yule fundi umeme aliyefunga taa za kanisa. Anataja Turkana, au Bonde la Yaeda, au mkoa wa Niassa ng'ambo ya Ruvuma, au Uvira kando ya Ziwa Tanganyika. Kamati nyingi zikisikia hivyo hukimbilia hesabu ya fedha. Ninyi anzeni na swali jingine: mwaka wa tatu, vigelegele vya ibada ya kumuaga vikiwa vimeshasahaulika, nani katika usharika huu atakuwa bado anampigia simu? Kama hakuna jina linalowajia midomoni, basi anayehitaji kuandaliwa kwanza ni usharika wenyewe.

Kwa nini kazi hii ni ya usharika

Soma tena Matendo 13. Kanisa la Antiokia lilikuwa na manabii na walimu watano waliotajwa kwa majina. Baada ya kufunga na kuomba liliwatoa wawili kati yao, Barnaba na Sauli. Halikutafuta watu ambao kuondoka kwao kusingeleta pengo. Mwishoni mwa sura ya 14 wale wawili wanarudi kulekule walikotoka, wanalikusanya kanisa na kulieleza yote. Katikati ya safari za Paulo wapo Wafilipi waliomtumia mahitaji zaidi ya mara moja, na yupo Epafrodito aliyeugua nusura afe akiwa katika kazi ya kupeleka msaada huo.

Hata historia ya kwetu inafundisha. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwenzake, Johannes Rebmann, hakufika mpaka 1846. Rebmann naye alikaa mpaka 1875, akarudi Ujerumani akiwa karibu kipofu. Watu hawa walikuwa na chama cha misioni nyuma yao, lakini chama kilikuwa mbali na barua zilichukua miezi. Ninyi mna simu, mna basi, na mara nyingi mnaweza kumfikia mtu wenu kwa siku mbili au tatu. Mkimwacha apweke, hamna kisingizio cha umbali.

Tena si kweli kwamba misioni ni kazi ya Wazungu. Mganda Apolo Kivebulaya aliingia Mboga, upande wa Kongo, mwaka 1896. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena, na kazi yake ilidumu mpaka alipofariki mwaka 1933. Waganda wawili waliomtangulia Mboga walikuwa wameondoka kwa sababu chifu aliwanyima chakula. Hilo la chakula lizingatieni. Watumishi wengi wa Injili huondolewa kituoni na mambo ya namna hiyo: posho iliyochelewa, mtoto asiye na shule, mzazi mgonjwa nyumbani, ugomvi na mwenzake wa kazi. Mahubiri ya kumtia moyo hayatibu lolote kati ya hayo.

Hatua ya 1: Pimeni wito, msiuharakishe

Mtu akisema ameitwa, wazee wengi huogopa kumhoji, wakidhani kufanya hivyo ni kumpinga Roho Mtakatifu. Lakini Roho aliyesema Antiokia alisema na kanisa zima likiwa linaomba na kufunga. Kumpima mtu ni kumpenda. Nashauri mwaka mmoja tangu siku aliposema mpaka siku ya kuamua, na katika mwaka huo fanyeni haya:

1. Mpeni kazi ngumu ya karibu. Aanzishe ibada ya nyumbani katika mtaa ambao hauna muumini wa kanisa lenu, au ahudumie gerezani, au awatembelee wagonjwa wa muda mrefu. Asiyeweza kukaa na majirani wa lugha na dini nyingine akiwa Mbeya au Nakuru hatajifunza jambo hilo akishavuka mpaka.
2. Mtumeni kwa ziara ya wiki tatu au nne mahali anapotaka kwenda, akae kwa mwenyeji na asikae nyumba ya wageni. Akirudi, mwambieni aeleze aliyoyaona, kisha muulizeni mwenyeji wake maswali yaleyale.
3. Ulizeni watu watatu wanaomfahamu vizuri: bosi wake kazini, kiongozi wa kikundi chake, na mtu aliyewahi kukosana naye. Huyo wa tatu ndiye atakayewafaa zaidi.
4. Wazee wawili, mmoja wao awe mama, wakae na mwenzi wake wa ndoa peke yake bila yeye kuwapo.

KISANDUKU: Maswali ya mahojiano
- Mara ya mwisho kukosana na mtu ilikuwa lini, na mlipatanaje?
- Unadaiwa na nani? Kiasi gani? Vikoba, SACCOS na mikopo ya kwenye simu vimo.
- Ukiambiwa na mchungaji wa huko, kijana kuliko wewe, ufagie kanisa miezi sita bila kuhubiri, utafanyaje?
- Kuna jambo lolote nyumbani kwako ambalo ungependa kulikimbia?
- Usharika ukikwambia "bado", utafanya nini mwaka ujao?

Jibu la swali la mwisho lina uzito wa pekee. Mtu aliye tayari kuambiwa "bado" anaweza kutumwa. Anayesema ataondoka hata kanisa likikataa, mwacheni aende kwa jina lake mwenyewe.

ANGALIZO: Msimtume mtu ili kumwondoa. Mwinjilisti aliyekorofishana na wazee, au kijana aliyewachosha kwa vurugu za kwaya, akipelekwa mbali hupeleka na ugomvi wake kwa watu wasio na hatia.

Hatua ya 2: Kaeni na ukoo

Hatua hii haimo katika miongozo mingi, hasa iliyoandikwa ng'ambo, na kwetu ndiyo inayoamua mengi. Anayeondoka ni mtoto wa mtu. Huenda ndiye anayemlipia mdogo wake ada ya sekondari, ndiye anayemnunulia baba dawa za presha, ndiye anayetegemewa kukiwa na msiba. Kamati ikipanga posho kana kwamba hana wazazi, ama atakula njaa ili awatumie, ama ataacha kuwatumia na ukoo utalichukia kanisa.

Wazee wawili waende nyumbani kwa wazazi wake, na kwa wakwe, kwa heshima zote, kama watu wanaokwenda kuomba. Msiende na muumini peke yake, na msiandike barua. Mtakaribishwa, chai italetwa, habari za mvua na za mahindi zitazungumzwa. Mzee wa nyumba atasikiliza akiwa ameinamia fimbo yake. Kisha atauliza, pengine akiwa amemgeukia mchungaji bila kumtazama mwanawe: "Nikifa, atakuja kunizika?" Msijibu kwa mstari wa Biblia. Jibuni kwa jambo ambalo kamati imeshalipitisha: kwamba ndiyo, usharika una fungu la nauli ya msiba wa wazazi wa pande zote mbili, na kwamba mpaka afike, wazee wa kanisa watasimama msibani mahali pake. Mzazi ambaye bado hajaokoka, au ni wa dini nyingine, naye ana haki ya jibu hilohilo.

Kabla ya kuaga, kubalianeni na ukoo mambo manne na kuyaandika: nani kati ya ndugu atabeba yale ambayo mmisionari hataweza tena kuyabeba, kiasi gani kitaendelea kutumwa kwa wazazi kila mwezi, shamba au kiwanja chake kitaangaliwa na nani, na Mungu akimchukua akiwa huko atazikwa wapi. Hili la mwisho linasemwa kwa sauti ya chini, lakini lisemwe. Gharama za kusafirisha mwili kuvuka mpaka ni kubwa, na kulibishania wakati maiti iko mochwari ni aibu kwa wote.

Zungumzeni pia na watoto. Mtoto wa darasa la nne aliyesoma kwa Kiswahili akipelekwa Msumbiji atakuta Kireno, na Kongo atakuta Kifaransa. Amueni mapema, wazazi wakiwapo: atasoma shule ya huko, atafundishwa nyumbani, au atabaki bweni? Kila njia ina gharama yake. Binafsi nasita sana kumwacha mtoto wa umri wa chini ya miaka 12 bwenini ili wazazi wake wakahubiri kwa watoto wa wengine. Ikibidi, basi usharika umpe familia ya kumlea wakati wa likizo, yenye jina na nyumba, na isiwe "wapendwa watamwangalia".

Hatua ya 3: Mwandaeni

Mafunzo ya Biblia ni ya lazima, na vyuo vya makanisa yetu vipo. Lakini cheti cha theolojia pekee hakimtoshi. Aondoke akiwa anaweza kuweka hesabu za fedha, kuendesha na kutengeneza pikipiki, kutoa huduma ya kwanza, kupima malaria kwa kipimo cha haraka, na kufanya kazi moja ya mikono au ya taaluma inayohitajika huko. Muuguzi, fundi wa pampu za maji au mtu wa mifugo ana sababu ya kukaribishwa kijijini hata na wale ambao kamwe hawatakuja kanisani.

Lugha ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Kwa kuwa Kiswahili kinafika mbali, wengi hudhani kinatosha. Kinatosha sokoni. Mama wa Kiturkana haombolezi mtoto wake kwa Kiswahili, na mzee wa Kidatoga haoti ndoto zake kwa Kiswahili. Andikeni katika makubaliano kwamba mwaka wa kwanza ni wa lugha: saa nne kila siku na mwalimu wa kijijini anayelipwa, hakuna kujenga, hakuna mkutano wa hadhara, hakuna kuhesabu waongofu. Kisha usharika uvumilie. Atakayesimama kwenye kikao na kuuliza "mbona mwaka mzima hajabatiza mtu?" ajibiwe kwa kusomewa makubaliano hayo.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA SAFARI
☐ Hati ya kusafiria yenye muda wa kutosha, kwa kila mwanafamilia, watoto wakiwamo
☐ Kibali cha ukaazi kinachoruhusu kazi ya dini. Kenya, kwa mfano, ina kibali cha kundi I kwa ajili ya kazi za dini na hisani. Kuingia kama mgeni wa matembezi na kuanza kuhubiri ni kuvunja sheria, na anayeumia ni kanisa linalompokea
☐ Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Kongo huidai mpakani, pamoja na kadi za chanjo za watoto
☐ Uchunguzi kamili wa afya, meno na macho wakiwamo, na kundi la damu limeandikwa
☐ Bima ya afya: ulizeni kama inatumika nje ya nchi. Kama haitumiki, wekeni fungu la matibabu
☐ Madeni yote yamelipwa au yana mpango ulioandikwa
☐ Wosia umeandikwa na kushuhudiwa
☐ Vyeti vya ndoa, vya kuzaliwa na vya shule: nakala moja anayo yeye, nyingine iko kabatini kwa mchungaji
☐ Kama yeye au mkewe ni mtumishi wa umma, barua ya likizo bila malipo imetoka kwa mwajiri. Asiondoke kwa ahadi ya mdomo

Hatua ya 4: Makubaliano na kanisa linalopokea

Karibu kila mahali mtakapotuma mtu, tayari kuna Wakristo, wakiwa wachache au wengi. Msiwapite. Mwandikieni askofu au mwangalizi wa huko, muulize anahitaji nini, na muwe tayari kusikia kwamba anahitaji mwalimu wa vijana na hahitaji mpanda makanisa. Kisha andikeni ukurasa mmoja au miwili, pande tatu zitie sahihi: usharika wenu, kanisa la huko, na mmisionari mwenyewe.

Ukurasa huo useme: kazi yenyewe ni ipi, msimamizi wake wa kila siku ni nani (huyu awe wa huko, na asiwe mwenyekiti wenu aliye umbali wa kilomita 900), muda ni miaka mingapi, nyumba inatolewa na nani, mali inayonunuliwa kwa sadaka zenu, pikipiki au kiwanja, ni ya nani, na nani mwenye mamlaka ya kumwambia arudi. Uwe pia na kifungu cha ulinzi wa watoto kinachokataza mtu mzima kukaa faragha na mtoto asiye wake. Na uwe na kifungu kinachokataza kumvuta mtu abatizwe kwa chakula, ada au dawa. Msaada utolewe kwa mhitaji, wa dini yoyote, bila sharti.

Makubaliano ya mdomo kati ya maaskofu wawili marafiki ni mazuri mpaka mmoja wao anapostaafu.

Hatua ya 5: Fedha

Kosa la kawaida ni kuchangisha fedha za kuondokea na kusahau za kuishi. Harambee moja kubwa, mnada wa mavuno, T-shati za kuaga, na basi hadi mpakani. Mwezi wa nne simu za mtunza hazina hazipokelewi. Panga kwa mwezi, na panga kwa miaka yote ya makubaliano.

Huu ni mfano wa bajeti ya mwezi ya familia ya watu wanne, kwa shilingi za Tanzania. Tarakimu zibadilisheni kulingana na mahali, lakini mstari hata mmoja msiufute:

- Chakula na matumizi ya nyumbani: 350,000
- Pango: 100,000
- Usafiri wa kazi na mafuta ya pikipiki: 90,000
- Shule za watoto: 100,000
- Matibabu: 60,000
- Wazazi na ukoo: 60,000
- NSSF au akiba ya uzeeni: 100,000
- Simu na bando: 30,000
- Akiba ya kurudi nyumbani: 50,000
- Dharura: 60,000
- Jumla: 1,000,000

Mistari inayofutwa haraka kikaoni ni ule wa wazazi, wa uzeeni na wa kurudi. Itetee. Mtu akimtumikia Mungu miaka 15 kisha akarudi akiwa hana nyumba, hana mafao na watoto wake wamekwama, kijana mwingine wa usharika wenu akimwona hatainua mkono. Kama kanisa limemwajiri rasmi, michango ya hifadhi ya jamii si hiari: fuateni viwango vya sheria.

Namna ya kuikusanya:

1. Tafuteni ahadi za kila mwezi kutoka kwa watu wengi, kila mmoja kiasi anachokiweza. Waumini 100 wa shilingi 10,000 ni imara kuliko wafadhili wawili wa 500,000. Mfadhili mmoja akihama, nusu ya bajeti imekwenda naye.
2. Kwenye karatasi mkifika milioni 1, bado hamjafika. Ahadi hupukutika. Subirini mpaka zifike kama milioni 1.3.
3. Anzeni kukusanya miezi mitatu kabla ya safari na kuiweka yote akiba. Miezi hiyo ndiyo itakayowaonyesha ukweli.
4. Fungueni akaunti yake maalumu yenye watia sahihi watatu. Fedha zisipitie simu ya mchungaji wala ya mwenyekiti, hata kama ni mwaminifu. Kwa kweli hasa kama ni mwaminifu, ili jina lake lilindwe.
5. Tumeni tarehe moja ileile kila mwezi, pamoja na gharama ya kutolea. Anayeishi kwa meticali au faranga hupunjwa na kubadilisha fedha. Kila robo mwaka pimeni kama posho bado inanunua kile ilichokuwa inanunua.
6. Someni taarifa ya mfuko mbele ya usharika kila miezi mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Fedha zikipungua, mwambieni mapema, kabla ya tarehe ya posho. Mama anayejua wiki mbili kabla anaweza kupanga jiko lake. Asiyejua hukopa dukani, na mmisionari mwenye deni katika duka la kijiji ameshapoteza nusu ya sauti yake.

Ibada ya kumtuma

Iwe Jumapili ya kawaida, usharika ukiwa umejaa. Mwekeeni mikono yeye na mwenzi wake, wote wawili. Waiteni mbele na wale watakaowashika mkono, nao waahidi kwa sauti, majina yao yakitajwa. Zawadi ziwe zinazobebeka. Jokofu kwa mtu anayekwenda mahali pasipo umeme ni mzigo.

Hatua ya 6: Akiwa huko

Undeni kikundi cha watu sita au saba. Msikiite kamati, maana kamati hukutana na kuahirisha. Kila mmoja awe na jambo moja:

- Wa simu: humpigia kila wiki mbili, siku moja na saa moja.
- Wa maombi: huchukua mahitaji na kuyapeleka kwenye jumuiya na vikundi vya nyumba kwa nyumba.
- Wa fedha: hufuatilia ahadi na kutuma posho.
- Wa wazazi: huwatembelea nyumbani kila mwezi.
- Wa watoto: hukumbuka siku za kuzaliwa, hutuma vitabu, hufuatilia shule.
- Wa mke, na awe mama mwenzake: huongea naye peke yake.
- Wa safari: hupanga ziara ya kwenda kumwona, angalau mara moja kwa mwaka.

Kuhusu simu, kuna ufundi wake. Ukiuliza "mnaendeleaje?" utajibiwa "tunamshukuru Mungu", na simu itakwisha. Uliza vitu vinavyoshikika. Mmekula nini wiki hii? Yule wa pili bado anakohoa usiku? Nani alikukasirisha mwezi huu? Lini mara ya mwisho ninyi wawili mmekaa bila wageni? Unalala saa ngapi? Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, usijaze ule ukimya kwa maombi. Ngoja aseme. Na atakayokwambia kwa siri yasitokee kwenye ombi la Jumapili.

Wanaokwenda kumtembelea waende kutumika, wakae siku chache, wabebe chakula chao, na angalau siku moja wamwachie nafasi ya kulia kama anataka kulia.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA
- Kudai taarifa yenye idadi ya waongofu kila mwezi. Mtamfundisha kukuza namba.
- Kusambaza picha za watu waliobatizwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mwongofu wa nyumba isiyo ya Kikristo anaweza kufukuzwa kwao kwa picha moja. Picha haitumwi bila idhini ya mwenyewe, na jina la kijiji halitajwi.
- Kumsifu mume na kumsahau mke, ambaye ndiye anayechota maji.
- Kumpangia mikutano 20 ya kuhubiri katika likizo yake. Likizo ni ya kupumzika. Mwezi wa kwanza asipande madhabahuni popote.
- Kubadili mchungaji wa usharika na kutomkabidhi mgeni faili la misioni. Makabidhiano yafanyike kwa maandishi, na mchungaji mpya ampigie mmisionari ndani ya wiki ya kwanza.

Mambo yakiharibika

Dharura hupangwa siku ya amani. Mkoa wa Cabo Delgado, jirani na Mtwara, uliingia katika mapigano Oktoba 2017. Goma ilitekwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, na mabenki ya Goma yakafungwa. Aliyetegemea kutoa posho benki alibaki na kilichokuwa mfukoni. Kwa hiyo, katika eneo lenye hatari:

1. Familia iwe na fedha taslimu za kuishi mwezi mmoja na nauli ya kutoka, zimefichwa mahali pawili.
2. Wawe na njia mbili za kutoka, na mahali pa kufikia upande wa pili pawe panajulikana.
3. Yeye mwenyewe na msimamizi wa huko, kila mmoja awe na ruhusa ya kuamua "tunaondoka" bila kusubiri kikao chenu. Hakuna mzee wa kanisa aliyeketi Dodoma anayepaswa kumwambia mtu abaki kwenye risasi.
4. Akiumwa, simu ya kwanza ni kwa nani? Hospitali ya karibu yenye upasuaji ni ipi, na gari linapatikanaje usiku? Andikeni, wabandike nyuma ya mlango.

Kuna na maharibiko mengine: ndoa inayoyumba, kuanguka dhambini, fedha zisizoeleweka. Mwiteni nyumbani, mkae naye ana kwa ana. Msihukumu kwa simu, wala msifiche kama kuna aliyeumizwa. Mtoto au mwanamke akiwa ametendewa jinai, taarifa inakwenda polisi kabla ya kwenda kwenye kikao cha wazee.

Hatua ya 7: Anaporudi

Atakayerudi kabla ya wakati mpokeeni. Yohana Marko aliwaacha wenzake njiani, jambo lililomgombanisha Paulo na Barnaba mpaka wakatengana. Lakini katika barua ya pili kwa Timotheo ni Paulo huyohuyo anayeomba Marko aletwe kwake, maana anamfaa. Usharika unaomnong'ona aliyerudi unawafundisha waliobaki kule kuficha shida zao.

Atakayerudi baada ya miaka mingi naye atakuwa mgeni kwao. Bei zimepanda, rafiki zake wamehama, watoto wake wanazungumza Kiswahili chenye lafudhi na wenzao wanawacheka. Mpangieni hivi:

1. Miezi sita kabla, mtafutieni nyumba na shule. Ile akiba ya shilingi 50,000 kwa mwezi, kwa miaka mitano, imekuwa milioni 3. Ndiyo ya kodi ya miezi ya kwanza na vitanda.
2. Wiki ya kwanza aonane na daktari, hata kama anasema ni mzima. Homa za huko na uchovu wa miaka hujificha.
3. Posho iendelee miezi mitatu hadi sita baada ya kufika.
4. Mpeni wazee wawili wa kumsikiliza kwa siku mbili nzima, mahali tulivu, mbali na ofisi ya kanisa. Asimulie mwanzo mpaka mwisho, na yale yasiyofaa kusemwa madhabahuni.
5. Baada ya hapo ndipo usharika ukusanyike kumsikia, kama walivyofanya Antiokia, na apewe muda wa kutosha. Dakika kumi kati ya matangazo na sadaka hazitoshi.
6. Ndani ya mwaka mmoja aingizwe kwenye kamati ya misioni, na yeye ndiye aulize maswali ya mahojiano atakapokuja muumini mwingine kusema ameitwa.